Jinsi ya kuitafuta nyota ya jangwani bila kuikanyaga

Kiua hiki nilikipita mara nyingi Death Valley, California, kabla ya kukiona. Kwa jina la kisayansi ni Monoptilon bellioides, na humea katika majangwa ya Mojave na Sonora, Marekani na Meksiko. Petali nyeupe, kitovu cha njano, upana kama kifungo cha koti.

Hatua ya 1: Fuata mvua, usifuate kalenda. Mmea huu huishi msimu mmoja, ukame ukizidi hubaki mbegu mchangani. Death Valley hupata milimita 50 hivi tu za mvua kwa mwaka, na manyunyu hayaiamshi mbegu. Inataka mvua ya kulowesha ardhi tangu vuli, kisha nyingine za hapa na pale wakati wa baridi. Mvua za Oktoba 2015 ndizo zilizoleta maua tele ya 2016. Mvua zikigoma, mimi hata gari siwashi.

Hatua ya 2: Chagua mwinuko. Kuanzia katikati ya Februari hadi katikati ya Aprili, tafuta mabonde ya chini. Baada ya hapo panda kuelekea mita 900.

Hatua ya 3: Isome ardhi. Unataka mchanga wenye changarawe, hasa pale mafuriko yanapotandaza mawe madogo kwenye mdomo wa korongo. Kwenye magadi meupe usipoteze muda. Tembea polepole, ukikanyaga mawe.

Hatua ya 4: Lala kifudifudi. Wenyeji huyaita maua ya namna hii “maua ya tumbo”, na ukishajilaza utajua sababu. Mvua ikiwa haba, mche mzima hutoa ua moja, nao ni mfupi kuliko kidole. Ikiwa ya neema, hutambaa ukawa kama sahani iliyojaa maua. Mwanzoni nilidhani ni mimea miwili tofauti!

Hatua ya 5: Hakikisha si nduguye. Monoptilon bellidiforme unafanana nao mno. Shika lenzi ya kukuza mara 10, tazama juu ya mbegu. Nduguye ana unywele mmoja wenye ncha kama unyoya, na ndiko lilikotoka jina Monoptilon, “unyoya mmoja”. Wetu kwa kawaida una nywele kadhaa na vigamba. Usichume, maana katika hifadhi za taifa huko ni marufuku. Mbegu zikiwa bado changa, andika Monoptilon tu, weka alama ya mahali kwenye simu, urudi maua yakinyauka.