Jinsi ya kuishi Lanzhou kwa hela ya Mbagala

Watu wa Dar tukisema China tunamaanisha Guangzhou, maana ndo mzigo wa Kariakoo unakotoka na ndo kwenye Waswahili wenzako, ukizidiwa utampata mtu. Mi nikaangukia Lanzhou, mkoa wa Gansu, ndani ndani huko, mji umebanwa na milima na Mto Njano unapita katikati. Nilikaa miaka miwili. Maisha ni bei chee, hilo halina ubishi, ila jua mapema kwamba pale hakuna kitu kilichopangwa kwa ajili ya mgeni, na unachookoa kwenye kodi unakilipa kwa kuzunguka na makaratasi na kuongea kwa vidole.

Anza na makaratasi. Ukifika una masaa 24 uwe umeripoti polisi unapolala. Hoteli ikikupokea inakuripoti yenyewe, ila ukifikia kwa mshkaji au umepanga, mnaenda kituoni na mwenyeji wako, pasipoti na mkataba mkononi, mnapewa kikaratasi. Hicho kikaratasi kitunze kama cheti cha kuzaliwa!! Utakihitaji ukienda kuomba kibali cha kukaa, na wenye viza ya X1 ya masomo au Z ya kazi wana siku 30 tu za kukiomba. Ukipuuza kuripoti faini inaweza kufika yuan 2,000. Ukihama nyumba unaripoti upya. Na usiku wa kwanza usibahatishe, mi nilishuka saa tano usiku na mabegi mawili, gesti ya bei poa ikanikataa, dada wa kaunta akaigeuza pasipoti yangu mbele nyuma kama anatafuta mahali pa kuwekea betri, kumbe kompyuta yake inataka namba ya kitambulisho cha Kichina basi. Nikaishia hoteli ya bei mara tatu. Kwahiyo kabla ya kubuku tafuta mtu anayejua Kichina apige simu aulize kama wanapokea wageni wa nje.

Nyumba sasa. Huku tumezoea kudaiwa miezi sita kwa mkupuo, kule kawaida yao ni dipoziti ya mwezi mmoja na kodi ya miezi mitatu. Dalali yupo, usidhani umemkimbia. Swali la kwanza kwa mwenye nyumba sio bei, ni "utaenda na mimi polisi?", akianza kujizungusha achana nae hata kama sebule ni ya Masaki. La pili ni hita ya jengo. Kule joto linawashwa kwa mji mzima kuanzia 1 Novemba mpaka mwisho wa Machi, nje usiku inashuka mpaka nyuzi kumi chini ya sifuri na wewe ndani umelala na fulana. Mwezi mbaya ni wa kumi, baridi imeshaingia na mabomba bado hayajawashwa, hapo blanketi la umeme ndo rafiki yako. Hewa ni kavu kinoma pia, mji uko kama mita 1,500 juu, wiki ya kwanza nilitoka damu puani nikajua nimelogwa.

Hela ni simu. Cash ipo lakini muuza nyanya anakuonyesha QR kodi, kwahiyo weka WeChat (apu yao ya kuchati na kulipa) na Alipay (ya kulipa) ukiwa bado Dar, uunganishe kadi yako ya benki na ujaribu. WeChat ikikugomea kujisajili inaweza kutaka mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuskanie, mtafute huyo mtu kabla hujapanda ndege. WhatsApp, Google na Instagram zimefungwa.

Chakula ndo sehemu nayoimisi mpaka leo. Wahui, kabila la huko, ni Waislamu na wako wengi, kwahiyo halali utaipata mtaani bila shida, angalia vibao vyenye maandishi 清真. Asubuhi mji mzima unakula niurou mian, tambi za supu ya ng'ombe, nilikuwa nalipa yuan 8, kama buku tatu ya huku. Unalipa mlangoni, unapewa tiketi, unaipeleka dirishani na kusema unene unaoutaka, we sema "er xi", sio nene sio nyembamba, jamaa anavuta donge la unga mara moja, mbili, tatu, anaibamiza mezani, dakika moja bakuli hilo lina figili nyeupe, giligilani na mafuta ya pilipili mekundu juu. Wahi, maduka mengi mchana wa saa nane yanafunga. Ugali unawezekana, unga wa mahindi upo ila ni wa njano na mgumu kidogo, chekecha kwanza.

Kazi: utaambiwa ukafundishe Kiingereza watoto jioni, hela mkononi. Ukiwa na viza ya masomo na huna kibali cha kufanya kazi, faini ni yuan 5,000 mpaka 20,000 na mambo yakiwa mabaya unalala ndani siku 5 hadi 15. Walionishawishi wala hawakuwa na mpango wa kunilipia hiyo faini.

Lugha, jifunze namba kwanza, na za vidole pia, maana sita, nane na kumi yao haifanani na yetu. Watakushangaa na kukupiga picha, nami nikazoea kutabasamu tu na kuendelea na ndizi zangu.

Kule wako mbele masaa matano, ukitoka kula mchana saa saba huku ndo saa mbili asubuhi mama anachemsha chai. Nilimwekea WeChat kabla sijaondoka, nikamfundisha kubonyeza na kuongea, inarekodi sekunde 60 tu inakata, sasa yeye anaanza na salamu za ukoo mzima kwahiyo habari yenyewe inakuja kwenye ya tatu. Nimerudi mwaka wa pili huu, tunaishi wote Tabata, bado ananitumia hizo sauti kutoka chumba cha pili.