Kuongeza nguvu kwenye RX-7 ya zamani: utaratibu wa kufuata ukiwa Kampala

Gari ninaloliongelea hapa ni Mazda RX-7 umbo la FC, lililotoka kati ya 1985 na 1991, lenye injini ya rotari ya 13B (haina pistoni, ndani huzunguka rota mbili za pembe tatu) na tabo, feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili ishindilie hewa kwenye injini. Kiwandani Japani lilianza na farasi 185, na kuanzia 1989 likapandishwa hadi 205. Ukifuata utaratibu huu bila kufungua injini, farasi 250 ni lengo la busara. Kama yako ni ile isiyo na tabo, hatua nne za mwanzo zinakuhusu zilevile, lakini usitarajie makubwa: eksozi nzuri na taimingi sahihi (wakati wa plagi kurusha moto) vitakupa farasi wachache, basi.

Mafundi wengi wa Kampala wamezoea Toyota na Subaru. Ukiwapelekea rotari, ushauri wa kwanza utakuwa "toa hii, weka JZ," yaani injini ya Toyota. Ni ushauri wa maana kwa mtu anayetaka gari tu. Wewe unayetaka rotari itoe nguvu, jambo la kuelewa kabla ya kushika spana ni kwamba injini hii haisamehi mpangilio mbaya wa kazi. Injini ya pistoni ikianza kunoki, yaani petroli kulipuka ndani nje ya wakati wake, utaisikia, utapunguza mguu, na mara nyingi itakuvumilia. Ndani ya 13B kuna sili za epeksi, vipande vyembamba vya chuma vya milimita 2 vilivyokaa kwenye ncha tatu za kila rota. Nokingi moja kali kwenye busti, yaani tabo ikiwa inashindilia hewa, inatosha kuvunja kimoja. Kipande hicho huchana ukuta wa hauzingi, ganda ambamo rota inazunguka, kisha hutokea kwenye eksozi na kwenda kukata mapanga ya tabo. Na kwa kuwa tangu 2018 magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi hayaruhusiwi kuingizwa Uganda, hakuna FC nyingine inayokusubiri bandarini.

Kwa hiyo busti ni ya mwisho. Mengine yote yanatangulia.

Hatua ya 1: Pima kompresheni

Usinunue kifaa chochote kabla ya kipimo hiki cha mgandamizo wa hewa ndani ya vyumba vya injini. Kipo kipimo maalumu cha rotari kinachosoma pande zote tatu za rota, lakini ukikikosa, geji ya kawaida ya kompresheni inafanya kazi. Washa injini hadi ipate moto, kisha izime. Toa fyuzi ya petroli na uchomoe waya za koili ili isirushe moto. Fungua plagi moja kwenye rota ya mbele, funga geji, halafu toa ile vali ndogo ndani ya geji inayofanana na ya tairi, ili mshale usibaki juu. Mwenzako akanyage mafuta hadi mwisho na kupiga stata. Wewe rekodi mshale kwa simu.

Ukiitazama video polepole utaona mshale unaruka mara tatu, mara tatu. Miruko hiyo mitatu ni pande tatu za rota. Inatakiwa ilingane. Miwili ikiwa mikubwa na mmoja mdogo, upande mmoja una sili iliyochoka. Ukiona mmoja mkubwa na miwili midogo, sili moja ya epeksi imekufa, kwa sababu kila sili inahudumia vyumba viwili. Hapo acha habari za nguvu, anza kutafuta pesa za kufungua injini. Ukimaliza, rudishia vali na upime tena upate namba ya juu, halafu rudia yote kwenye rota ya nyuma.

Mazda wanataka isipungue psi 85 (psi ni kizio cha mgandamizo) stata ikizungusha injini mizunguko 250 kwa dakika, na tofauti kati ya vyumba isizidi psi 21. Lakini namba hiyo ni ya usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200 juu, na hewa yetu ina mgandamizo pungufu kwa takriban asilimia 13. Ukipiga hesabu, psi 85 ya Mombasa inakuwa kama psi 74 hapa. Nimeona watu wakiambiwa injini imekufa kwa sababu ya psi 78 iliyolingana pande zote, wakati hiyo ni injini nzima. Betri iwe imejaa pia. Stata ikizunguka kwa uvivu, namba zote zitakudanganya.

Hatua ya 2: Joto

Rotari ni jiko. Petroli inayochomwa ni nyingi, na sehemu kubwa ya joto hubebwa na oili, si maji peke yake. Sasa iweke kwenye jemu ya Jinja Road saa kumi na moja jioni.

Geji ya joto ya kwenye dashibodi usiitegemee, maana hukaa katikati hadi mambo yameharibika. Funga geji yenye namba. Maji yakae kati ya nyuzi 80 na 95. Yakipita 105, simama, kwa sababu mipira ya kuzuia maji iliyopo kati ya hauzingi ikishaungua, kulanti itaanza kuingia chumba cha moto na hakuna dawa ya chupa itakayoiziba.

Rejeta ya zamani yenye matangi ya plastiki ni ya kubadilisha, si ya kuziba. Mafundi wa Katwe wanaweza kukutengenezea ya aluminiamu au kukuongezea safu kwenye ya shaba. Mwambie akupimie na vishikio vya kifuniko cha hewa, yaani zile plastiki na sponji zinazolazimisha upepo upite ndani ya rejeta badala ya kuizunguka. FC nyingi zimepoteza vitu hivyo miaka mingi iliyopita, na bila hivyo hata rejeta mpya itachemsha. Rejeta ya oili iliyo mbele chini isafishe matope. Ikiwa barabara ya kwako ni ya murram, rudia kila baada ya msimu wa mvua.

Hatua ya 3: Petroli

Hapa ndipo injini nyingi hufia. Pampu ya zamani ikichoka, shinikizo la petroli hushuka pale pale busti inapopanda, mchanganyiko unakuwa mkavu, na sili inaondoka.

Badilisha pampu uweke ya lita 255 kwa saa. Ipe waya mpya mnene kutoka kwenye betri kupitia relei, kwa sababu waya za kiwandani zenye umri wa miaka 35 hazifikishi volti kamili. Filta mpya. Nozeli nne za kiwandani, cc 550 kwa dakika kila moja, zinatosha kwa lengo letu, ila zitoe uzipeleke kwa mtu mwenye mashine ya kuzipima na kuzisafisha. Unachotaka ni zote nne zitoe kiasi kilekile. Moja ikiwa pungufu, rota hiyo ndiyo itakayovunjika.

Kisha mtafute mhalifu mwenyewe: dampa ya mitetemo, kile kidude cha duara kwenye reli ya petroli chini ya manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini). Utando wake wa ndani hupasuka kwa uzee na petroli kudondokea injini ya moto. FC nyingi duniani zimeteketea kwa sababu hii moja. Kiskurubu cha juu yake kikiwa na unyevu au harufu ya petroli, usiwashe tena gari. Weka dampa mpya. Ukiwa umefika huko chini, badilisha na mipira yote ya petroli na ya vakyumu, maana manifoldi ile hutaki kuifungua mara mbili.

Hatua ya 4: Moto

Kila rota ina plagi mbili. Ya chini ndiyo inayotangulia, ya juu inafuata. Tumia NGK BUR7EQ chini na BUR9EQ juu, usizichanganye. Waya za chini hata zikibadilishana nafasi gari litakwenda, kwa kuwa koili ile inarusha moto kwa zote mbili kwa pamoja. Waya za juu zikibadilishana, moto unatoka wakati usio wake kabisa, na hapo unaweza kuvunja injini. Ziandike namba kwa rangi kabla ya kuzitoa. Pima taimingi kwa taa: gari likiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyagwa mafuta), ya chini iwe nyuzi 5 baada ya kilele cha mgandamizo na ya juu nyuzi 20.

Hatua ya 5: Hewa

Filta ya wazi ya rangi inayouzwa Kisekka inapendeza na inafanya tabo isikike. Pia inavuta hewa ya moto ya chini ya boneti pamoja na vumbi letu jekundu, na vumbi ndani ya rotari ni msasa. Baki na boksi la kiwandani, weka filta mpya ya karatasi, ongeza mrija wa kuchukua hewa baridi kutoka mbele.

Intakula ya FC, yaani rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo, inakaa juu ya injini chini ya tundu la boneti. Ukikimbia inapoa, ukisimama kwenye foleni inageuka kikaango. Kabla ya kutafuta kubwa ya mbele, angalia sponji kati ya boneti na intakula. Ikiwa imeliwa, hewa inapita pembeni. Kata mpya, gundisha, umemaliza. Intakula ya mbele ni nzuri, lakini inaziba rejeta, na mimi nisingeiweka kwenye gari la mjini kabla sijaona joto la maji likitulia kwa wiki kadhaa.

Hatua ya 6: Eksozi, na mtego wake

Hii ndiyo hatua inayoleta farasi wengi kwa mara moja. Bomba la kutoka kwenye tabo likiwa la inchi 3 hadi nyuma, tofauti utaihisi mgongoni. Lakini wesitigeti ya kiwandani, mlango unaopitisha gesi pembeni ya tabo ili busti isizidi, ni ndogo. Ukifungua eksozi yote, gesi inapita kwa wingi kiasi kwamba wesitigeti haiwezi kuikwepesha tabo, na busti inapanda yenyewe bila wewe kugusa kitu: psi 8, 10, 13, kadiri mizunguko inavyoongezeka. Kompyuta ya kiwandani ikiona imepita kiwango chake inakata petroli ghafla, gari linapiga kichwa kama limegonga ukuta. Kuna watu hununua kifaa cha kuidanganya kompyuta isikate. Kukata kule ndiko kunakookoa injini.

Kwa hiyo tabo ifunguliwe na kushushwa kwanza. Tundu la wesitigeti lipanuliwe na kulainishwa, kifuniko chake kibadilishwe kwa kikubwa zaidi, kisha ndipo eksozi ijengwe. Kama huna fundi unayemwamini kwa kazi hiyo, ondoa katalisti (kisafishaji cha moshi) ndogo iliyo karibu na tabo tu, uache ile kubwa. Utapata sehemu nzuri ya nguvu, na busti haitakukimbia.

Kuhusu mabomba: moshi wa rotari hutoka wa moto kuliko wa injini ya pistoni, nyuzi 900 ni kawaida. Bati jembamba wanalochomelea silensa za pikipiki halimalizi mwaka. Omba chuma cha pua, au chuma cheusi chenye unene wa milimita 3, na flenji nene zisizopinda. Silensa za kujaza pamba pekee huungua ndani na kelele itaamsha mtaa. Weka mbili, moja katikati na moja nyuma.

Hatua ya 7: Kompyuta, halafu busti

Sasa unaweza kuongeza. Weka kompyuta inayopangika, Haltech na Link zote zinaijua 13B, pamoja na sensa ya oksijeni ya waidibendi ili uone mchanganyiko kwa namba. Kwenye busti nataka uwiano wa hewa kwa petroli ukae karibu na 11 kwa 1. Ukipita 12 ukiwa kwenye busti, toa mguu. Busti anza na ya kiwandani, soma kumbukumbu za kompyuta, panda hadi psi 8, soma tena, ishia 10. Tabo ile ya kiwandani ikipita hapo inapuliza joto zaidi kuliko hewa.

Kazi hii ifanyike kwenye daino (mashine ya kupima nguvu ya gari likiwa mahali pamoja) au eneo lililofungwa, mmoja anaendesha, mwingine anaangalia skrini. Entebbe Expressway si mahali pake, hata usiku.

Tumia petroli yenye okteni ya juu unayoipata kila siku, si ile uliyoibahatisha mara moja. Na kwenye kila lita 20 mimina mililita 100 za oili ya tustroki. Pampu ndogo inayolainisha sili kutoka kwenye sampu ina vimirija vya plastiki ambavyo kwa umri huu hukatika ukivigusa, na ikiacha kufanya kazi hutajua. Oili ya injini ibadilishe kila kilomita 3,000, na usishtuke inapopungua katikati, imeumbwa kuichoma.

Mwisho, kama unapanga kuteremka na gari hadi Mombasa. Psi 10 kwenye geji ya Kampala ni takriban kilopaskali 157 za jumla ndani ya manifoldi, ukihesabu na mgandamizo wa hewa ya nje. Psi 10 zilezile pwani ni 170. Kompyuta itakuwa inasoma sehemu ya ramani yake ya petroli na moto ambayo hujawahi kuipima, kwa hiyo punguza busti hadi psi 8 kabla ya kutoka, na ukifika soma waidibendi kwanza.