Kabla ya msitu, tuanze na nguzo za pilipili manga

Kila masika tunagaiwa miche, tunapiga picha, tunapanda, ikifika kiangazi cha kaskazi nusu imeliwa na mbuzi na iliyobaki imekauka, halafu tunaambiwa eti watu wa shamba hawapendi misitu. Si kweli jamani. Mtu anakata mti kwa sababu leo anataka kuni na konde lake la muhogo halizai tena, sasa ukimpa mche utakaomfaa baada ya miaka 20 atauangalia tu. Mpe mti wa kumfaa mapema, atauchunga mwenyewe bila kuitiwa mkutano.

Kwa huku kwetu Pemba mimi naona mti huo ni glirisidia. Ni jamii ya kunde, inarutubisha ardhi, inatoa kuni, na pilipili manga inapanda juu yake. Tena haina haja ya kitalu wala viriba, unapanda tawi. Chagua tawi lililokomaa, la kijivu, nene kama mpini wa jembe, urefu mita moja na nusu hadi mbili, chini ulikate mshazari. Chimba shimo kwanza la futi moja na nusu ndo ulitie ushindilie udongo, usilipigilie kama kigingi maana ganda linachubuka chini na hapo ndipo mizizi inapotokea, wengi wanaosema "glirisidia yangu imegoma" ukiuliza utakuta walipigilia. Tawi hadi tawi mita mbili na nusu au tatu. Shamba likiwa la mteremko, safu zikate mlima, zisishuke nao, la sivyo udongo wako utaishia kwenye bonde la mpunga la jirani.

Panda masika yakianza. Ikishashika, vuli tia marando (vipande vya shina vya kupandia) ya pilipili manga chini yake, uyafunge kwa kamba za mgomba. Mavuno ya pilipili utayaona kama mwaka wa tatu, lakini majani na kuni huvisubiri hivyo. Kila mwaka kabla ya masika punguza matawi ili mwanga upite, fito zinaenda jikoni, majani yatandaze chini ya migomba na muhogo. Ng'ombe akiyasusa kwa harufu, yaache yanyauke siku moja kisha mpe.

Katikati ya safu acha nafasi ya mikarafuu. Mkarafuu mchanga hautaki jua kali, kwa hivyo kivuli cha migomba unakihitaji miaka ya mwanzo, na mbegu yake haiwekwi, ikianguka ipande siku hizo hizo. Ila usijaze karafuu tupu, Unguja mwaka 1872 kimbunga kimoja kiliangusha mikarafuu mingi mno.

Sasa kuna jambo watu wanaliruka, nalo ndo kubwa. Mama zetu wengi wanalima ardhi ya kuazima, na desturi yetu unajua, ukiazimwa unapanda muhogo, mti wa kudumu hupandi mpaka mwenyewe akubali, maana mti ni dai la ardhi. Basi kabla ya kukata tawi hata moja, kaeni na mwenye shamba, mkubaliane pilipili ya nani, kuni za nani, akitaka ardhi yake mnafanyaje, na sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani, awepo na muandikiane. Mradi wowote unaogawa miche bila ya kuuliza ardhi ni ya nani, mimi siuamini.

Kuni zikishatoka shambani, ile sehemu ya juu yenye mawe isiyozaa kitu iacheni iwe msitu. Hata kupanda si lazima. Zuieni moto na mbuzi, visiki vitachipua vyenyewe, na popo wa Pemba, ambaye duniani yuko huku kwetu tu, analeta mbegu za matunda usiku bure kabisa, kwa hivyo muacheni na yeye, kama walivyofanya watu wa Kidike, hapa hapa Pemba, wanaowahifadhi popo hao. Kazi yenu ni kukata yale majani yanayotambaa yakianza kuibana miche, mara moja masika na mara moja vuli inatosha.