Kolagrafu kwa kadibodi na gundi: usiikimbie hatua ya vanishi

Juzi binti mmoja anayejifunza chapa alinijia na bamba lake likiwa limeng'ang'ania karatasi. Alikuwa amechora ngalawa na nyavu, kazi safi kabisa. Tulipovuta, karatasi iliondoka na vipande vya kadibodi, na bamba likabaki na manyoya meupe ya karatasi. Vyote alivifanya sawa isipokuwa kuziba bamba, yaani kulipaka kitu kisichopitisha maji. Naandika hatua zote hapa, ila kwenye kuziba nitakaa.

Kwa mgeni wa mambo haya: kolagrafu ni chapa inayotokana na bamba ulilolijenga mwenyewe kwa kubandika vitu. Glen Alps, mwalimu wa University of Washington kule Seattle, ndiye aliyeipa jina na kuieneza kuanzia miaka ya 1950. Mimi naona aliyeifikisha mbali kuliko wote ni Belkis Ayón wa Cuba (1967–1999). Alichapa hadithi za Abakuá, chama cha siri cha wanaume chenye asili ya Afrika, karibu zote kwa nyeusi, nyeupe na kijivu. Watu katika picha zake wana macho lakini hawana midomo, na hisia zote zinabebwa na jinsi uso wa bamba ulivyoshika wino. Bamba lenyewe ni kadibodi. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba bila bamba la shaba huwezi kufanya kazi nzito.

Hatua ya 1: Bamba

Chukua kadibodi ngumu ya kijivu, ile ya majalada ya vitabu, unene wa milimita 2 hivi. Boksi lenye mawimbi ndani achana nalo, mashine ya kuchapia italibonyeza na mistari yake itatokea katikati ya picha. Laza kingo kwa msasa ziwe mshazari, zisije zikakata karatasi. Kumbuka picha itatoka imegeuka kushoto kulia.

Hatua ya 2: Kubandika na kubandua

Kanuni ni moja: palipo laini wino unafutika, panakuwa peupe, palipokwaruza wino unabaki, panakuwa peusi. Gundi ya mbao ikikauka inatoa weupe. Kipande cha msasa kilichobandikwa kinatoa weusi mzito. Ukikata ngozi ya juu ya kadibodi kwa wembe na kuibandua, unapata kijivu chenye nyuzinyuzi, na hiyo ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote kwa sababu haiongezi unene.

Kitu cha pwani ambacho sijaona mbadala wake ni kilifu cha mnazi. Kiloweke, kilaze chini ya uzito mpaka kikauke bapa, kisha kibandike kwa gundi nyembamba. Kinachapika kama kitambaa, ila nyuzi zake zinapishana kwa mshazari na hazilingani unene, kwa hiyo hakuna mstari unaofanana na mwenzake. Kwa maji, kwa nyavu, kwa ngozi ya mzee, kilifu kinatosha.

Usipandishe kitu zaidi ya milimita 2 juu ya bamba. Karatasi itachanika.

Hatua ya 3: Kuziba

Binti yule aliziba kwa gundi nyeupe peke yake. Gundi hiyo ikikutana na karatasi yenye maji, halafu mashine ikaikandamiza, inalainika upya na kunata. Lazima juu yake pawe na kitu ambacho maji hayakiwezi: vanishi ya mafuta ya mafundi seremala, au shelaki (utomvu wa wadudu unaotumika kama vanishi) iliyoyeyushwa kwa spiriti. Mimi natumia shelaki kwa sababu inakauka upesi. Vanishi za maji sizitumii kabisa kwenye kolagrafu.

Kabla ya kupaka, gundi ya chini iwe imekauka kweli. Weka mgongo wa mkono juu yake. Ukihisi ubaridi, maji bado yamo ndani, subiri. Dar es Salaam wakati wa masika gundi inayokauka usiku mmoja mwezi wa Agosti inaweza kudai siku mbili au tatu. Usianike juani ili kuharakisha, kadibodi itajikunja. Na shelaki ukiipaka hewa ikiwa na unyevu mwingi, inapata ukungu mweupe. Ngoja mchana mkavu.

Paka nyembamba. Brashi ikidondosha, umechota nyingi. Vanishi nzito inajaa kwenye vijishimo vya kilifu na kuvifuta, na kazi yako yote ya kubandika inapotea. Paka mbele, paka nyuma, kisha paka kingo zote nne. Nyuma ni kwa ajili ya kuzuia bamba lisipinde. Kingo ni kwa sababu maji ya karatasi huingilia pembeni na kupanda ndani ya kadibodi. Uso unaweza kuwa umezibwa vizuri na bado bamba likavimba. Mahali ulipobandua ngozi panakunywa sana, papitie mara ya pili.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linalonifanya niipende hatua hii: vanishi nayo inachora. Kadibodi iliyobanduliwa yenye mkono mmoja, yaani tabaka moja, wa vanishi inatoa kijivu kizito. Mikono miwili, kijivu cha kati. Mitatu au minne, karibu nyeupe. Unaweza kuchora anga nzima kwa brashi ya shelaki tu, ukianzia na mkono mmoja kila mahali kisha ukirudia pale unapotaka mwanga. Tengeneza kwanza kipande kidogo cha majaribio chenye mkono mmoja hadi minne, kichape, ukitundike ukutani. Kitakuongoza kuliko maelezo yangu.

Acha bamba likae siku nzima kabla ya wino. Likinata kidoleni hata kidogo, halijawa tayari.

Hatua ya 4: Karatasi

Karatasi nene ya pamba, gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Loweka nusu saa, kisha ikaushe kati ya taulo mpaka ising'ae maji.

Hatua ya 5: Wino

Wino wa mafuta, mweusi. Rangi zije baadaye, ukishajua bamba lako linasema nini kwa nyeusi. Sukumia wino kwenye kila kishimo kwa kipande cha kadibodi na mswaki wa zamani, kisha futa kwa shashi. Shashi ya duka la dawa ni teketeke mno. Ipige uji mwepesi wa muhogo, ianike, iwe ngumu kidogo, hapo itafuta juu bila kuchota wino wa chini. Futa kwa kuzungusha, na malizia kwa gazeti lililolazwa kiganjani.

Hatua ya 6: Kuchapa

Weka bamba, juu yake karatasi, kisha mablanketi, zungusha mashine polepole bila kusimama katikati. Usisugue karatasi kwa kijiko badala ya mashine kwa chapa ya aina hii. Kijiko kinafaa pale wino umepakwa kwa rola juu ya uso tu. Nakala ya kwanza hutoka imefifia kwa sababu bamba bado linakunywa wino. Usilirekebishe kabla hujaona ya tatu.

Ukimaliza, safisha kwa mafuta ya kupikia na kitambaa. Kama uliziba kwa shelaki, spiriti isiguse bamba hata tone, itaiyeyusha. Lihifadhi limelala bapa ndani ya nailoni, mbali na sakafu, maana mchwa na mende wanapenda kadibodi na gundi.