Kutengeneza programu ya kuchambua LEGO za mtumba na kuziuza tena

Wengi wakipata hili wazo wanakimbilia kamera na AI, mkanda unazunguka, vipande vinajiangukia vyenyewe kwenye ndoo. Subiri kwanza. Mimi nilimaliza wiki kibao huko, kumbe kilichokuwa kinanila hela ni rangi ya kijivu.

Kila kipande cha LEGO (vile vitofali vya plastiki vya kuchezea) kina namba, tofali la 2x4 ni 3001, la 2x2 ni 3003. Katalogi usiandike mwenyewe, tovuti ya Rebrickable wanatoa mafaili ya CSV (majedwali ya maandishi matupu) bure, vipande, rangi, seti na vilivyomo kwenye kila seti, unashusha yote unamwaga kwenye SQLite (hifadhidata ndogo ya faili moja) kwa lugha ya Python, kazi ya jioni moja.

Sasa ukienda kuuza BrickLink, lile soko la mtandaoni la LEGO, wale rangi zao wanazipa namba nyingine kabisa. Nyekundu Rebrickable ni 4, BrickLink ni 5, nyeusi huku 0 kule 11, kwa hiyo tengeneza jedwali la kubadilishia na usikisie hata rangi moja. Alafu kijivu sasa, mwaka 2004 LEGO walikibadilisha, cha zamani kina kaunjano kwa mbali na kipya kina kabuluu, kile kisichokolea BrickLink cha zamani ni 9 kipya ni 86, ukimchanganyia mteja anarudisha mzigo na maneno juu. Taa ya njano ya sebuleni haikuonyeshi tofauti, nunua taa nyeupe, hata kamera yenyewe inadanganyika hapo.

Jedwali la stoo weka namba ya kipande, rangi, hali, idadi, na namba ya boksi. Hiyo ya boksi usiiruke jamani, oda ya vipande 60 bila kujua viko wapi utalala saa nane za usiku. Na unapochambua kwa mkono anza na umbo sio rangi, maana kwenye rundo lote jekundu jicho halioni kitu, ila kwenye rundo la umbo moja rangi inajitokeza yenyewe.

Kupandisha mzigo BrickLink wanapokea XML (faili la maandishi yenye vitambulisho), unaandika ITEMTYPE iwe P kwa kipande, ITEMID, COLOR, QTY, PRICE, na CONDITION iwe U kwa vilivyotumika. Jaribu na vipande kumi kwanza.

Kamera ije mwisho. Kipande usichokijua piga picha upeleke Brickognize, tovuti ya kutambua vipande kwa picha, inakisia vizuri tu. Ukitaka modeli yako mwenyewe ya AI ya kutambua vipande, usikae kupiga maelfu ya picha moja moja, Daniel West aliyejenga mashine yake ya kuchambua 2019 aliifundisha kwa picha za 3D zilizotoka kwenye kompyuta.

Kuosha ni maji yasiyozidi digrii 40. Vile vijitu (minifigure, vidoli vya LEGO) usivitenganishe, viuze vizima.

Kitu cha mwisho nilichoongeza, na natamani ningeanza nacho, ni kamstari kamoja ka msimbo wa programu: bei ya kipande ikiwa chini ya senti tatu programu inaniandikia tu "KILO", natupa kwenye gunia nauza kwa uzito.