Mbegu ya muhogo: inakinza kweli au imebahatika tu?

Muhogo wa kwanza nilioung'oa mwaka ule ulikuwa mnene kama paja la mtoto. Majani juu yalikuwa yamestawi, mpita njia akisimama kusifia. Nikaumenya pale pale shambani nianze kutafuna, nikakuta mabaka ya kahawia ndani, makavu, magumu kama kizibo. Nikang'oa shina la pili, la tatu. Yale yale. Mama mkwe, aliyekuwa akisubiri muhogo wa kuanika afanye makopa ya bada, ugali wa muhogo, alichukua kipande akakigeuzageuza mkononi, akasema, "Mwanangu, hii ni kazi ya jembe imepotea."

Nilikuwa nimeuziwa pingili zile kama "mbegu inayokinza magonjwa". Aliyeniuzia simtaji, na wala hakuwa mwongo sana. Mbegu yake ilikinza ugonjwa mmoja, shamba langu hapa Muheza lilikuwa na mwingine. Tangu hapo sipandi ekari nzima ya mbegu ngeni kabla sijaijaribu mwenyewe, na jinsi ninavyoijaribu ni hivi.

Anza kwa kutenganisha magonjwa mawili. Batobato huonekana juu, kwenye majani machanga: yanajikunja, yanadumaa, yana mabaka ya njano na kijani. Michirizi ya kahawia huanzia chini, kwenye majani yaliyokomaa. Jani halijikunji, linapata unjano unaofuata mishipa, na ukiangalia shina changa lenye rangi ya kijani unaona vistari vya kahawia. Uharibifu mkubwa uko ardhini. Wengi wetu tunakagua kwa kuangalia juu tu, halafu kiangazi majani ya chini yanapukutika na ushahidi unaanguka nayo. Kwa hiyo kagua mvua zikiwepo, na uiname.

Yote mawili ni virusi. Nzi weupe huvitoa shina hadi shina, lakini mwenye kuvisafirisha kutoka wilaya hadi wilaya ni sisi, na mzigo wa pingili nyuma ya bodaboda.

Sasa ukinzani wenyewe. Watu wa Tanga tunaujua mti wake bila kujua. Ule mpira tunaochuma majani yake tukapika kisamvu cha mpira ni ndugu wa muhogo, asili yake Brazil, na Wajerumani waliupanda huku ili waugeme. Kituo cha utafiti cha Amani, hapo juu mlimani, walikianzisha wao mwaka 1902. Waingereza walipokirithi, mtafiti Storey akaueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia mwaka 1936, na yeye na mwenzake Nichols wakaanza kuchavusha muhogo kwa mpira. Mpira hauna mizizi ya kula, basi watoto wake wakarudishwa kuchavushwa na muhogo tena na tena, mpaka mizizi ikawa ya kulika na ukinzani ukabaki. Mbegu za kazi ile zilifika mpaka Nigeria, na mbegu ya TMS 30572 inayojulikana sana ni ya ukoo huo. Namikonga nayo, ambayo Kenya huitwa Kaleso, imetoka Amani. Lakini angalia: TMS 30572 inasimama vizuri mbele ya batobato, ila michirizi ya kahawia inaipiga. Namikonga ndiyo yenye kuikabili michirizi. Muuzaji akisema "inakinza", muulize inakinza nini.

Mmea hauna damu wala homa, ila una namna yake ya kupigana. Kirusi kikiingia kwenye seli huanza kujinakili. Mmea unazitambua nakala hizo, unazikatakata, kisha unatumia vipande vyake kama sampuli ya kuwinda nyingine za aina hiyo. Kwenye mbegu dhaifu kirusi hukimbia mbio kuliko wawindaji. Kwenye mbegu kinzani hubanwa tawi moja, kisifike kila mahali, ndiyo maana pingili iliyokatwa kwenye shina gonjwa la mbegu nzuri wakati mwingine huchipua ikiwa safi kabisa.

Kinga nyingine ni za nje. Ncha zenye vinyweleo kwenye baadhi ya mihogo huwa makao ya utitiri mzuri unaowala utitiri wa kijani, ule unaoharibu muhogo. Uchungu wa muhogo mchungu, ambao ni sumu ya sayanaidi, huwakatisha tamaa nguruwe na nyani. Jirani yangu anaamini muhogo mchungu haupati batobato. Unapata. Sumu ya kumzuia nguruwe kirusi hakiijui.

Jaribio nalifanya masika yakianza, katikati ya shamba langu, mbali na mpaka wa mtu. Nachukua pingili za mbegu ngeni kutoka mashina ya miezi minane na zaidi ambayo sikuona dalili yoyote juu wala chini. Nakata sehemu ya kati ya shina, urefu wa sentimita 25 hivi, macho matano mpaka saba. Utomvu usipotoka ukikata, pingili imekauka, iache. Napanda mistari miwili ya mbegu hiyo, mashina 24 jumla, na pembeni kila upande mstari mmoja wa mbegu ya zamani ninayojua inaugua, tena iliyokatwa kwenye mashina magonjwa.

Jirani aliponiona alinijia juu. "Dada, unapanda ugonjwa makusudi?"

"Ndiyo kaka. Bila mgonjwa pembeni nitajuaje?"

Ndio moyo wa jaribio. Shina linaweza kubaki safi kwa sababu limekinza, au kwa sababu hakuna aliyelifikishia kirusi. Kwa macho huwezi kuyatofautisha hayo mawili. Pia lazima nzi weupe wawepo wa kutosha: asubuhi kabla hawajachangamka, geuza taratibu majani ya juu uhesabu walio chini yake. Mwaka usio na nzi hauhesabiki, rudia.

Nakagua mwezi wa tatu, wa sita na wa tisa tangu kupanda, na shina lenye dalili nalifunga kitambaa: chekundu batobato, cheusi michirizi. Mwezi wa 12 nang'oa yote. Usikate muhogo mara moja ukaridhika. Ukate vipande mithili ya pete, mara tano kutoka kichwani hadi mkiani, maana baka linaweza kujificha ncha moja. Katika jaribio langu la mwisho, mashina matano kati ya 24 yalikuwa na kitambaa cheusi, lakini mizizi mibovu niliikuta kwenye matatu tu.

Hayo mawili yaliyougua majani yakabaki na mizizi safi yalinifundisha zaidi ya yote. Huko ni kustahimili, ndiyo tabia inayosifiwa ya mbegu iitwayo Kiroba: virusi vimo, ila mizizi haiharibiki mapema. Kwa tumbo lako ni mbegu nzuri, na mimi ninayo. Usiicheleweshe ardhini, na usiipande bega kwa bega na mbegu dhaifu, kwa sababu itakuwa ghala la virusi vya jirani.

Halafu panda tena. Pingili za mashina yaliyofaulu zirudi kwenye jaribio msimu wa pili, pembeni ya wagonjwa wa aina ile ile. Virusi hujilimbikiza pingili zinavyorudiwa, na mbegu iliyopita mwaka wa kwanza kwa bahati huumbuka mwaka wa pili. Kwangu yalibaki mashina 16 yasiyo na kitambaa cha rangi yoyote. Mistari ya wagonjwa niliing'oa siku ile ile na kuichoma. Yale 16 nimeyafunga kwa kamba ya mkonge, nimeyasimamisha chini ya mwembe penye kivuli, nasubiri mvua.