Namna ya kumuelezea mtu wa Malindi klabu ya Vasco da Gama mpaka akusikilize

Malindi ukitaja Vasco da Gama kila mtu anakuonyesha nguzo, ile ya msalaba upande wa Silversand ambako watalii wanapigwa picha. Sasa wewe unataka kuongea mambo ya timu ya mpira ya Rio de Janeiro, tena mbele ya watu ambao kwao dunia ni Man U na Arsenal basi. Inawezekana, ila ukianza na makombe umeisha, manake kila timu ina makombe na hakuna atakaeacha kahawa yake kwa ajili ya ligi ya Brazil ya mwaka 1974.

Anza na jina sababu jina tayari wanalo, lakini usikae hapo sana. Vasco mwenyewe, baharia wa Kireno, alifika hapa Aprili 1498, Mombasa walishamkataa, mfalme wa Malindi akampokea na akampa rubani wa kumvusha mpaka Calicut. Miaka 400 mbele, mwaka 1898, sherehe za safari ile zimepamba moto na vijana wa Rio, wengi wao wahamiaji wa Kireno, wakafungua klabu tarehe 21 Agosti wakaipa jina lake. Na klabu yenyewe ilikua ya kupiga makasia! Hapa mtu wa Lamu atakuelewa haraka kuliko mtu wa Nairobi, manake Rio ya wakati ule mashindano ya mashua ndo yalikua yanajaza watu ufukweni vile jahazi zinavojaza watu Lamu siku za mashindano, ata Flamengo ilianza na makasia. Mpira ulikuja 1915 walipoungana na klabu moja inaitwa Lusitânia. Ndo maana mpaka leo kwenye nembo yao kuna jahazi la Kireno.

Hapo lazima atatokea mzee aseme huyo Vasco alikua mkoloni tu, na mzee ana haki, 1502 alirudi pwani hii akailazimisha Kilwa ilipe kodi kwa vitisho vya mizinga. Usibishane nae. Mkubalie kabisa alafu hapo hapo mpeleke 1923, kwa sababu utamu wa hii hadithi yote uko pale, timu iliyobeba jina la mtu kama yule ndo ikaja kugombana na matajiri wa Rio kwa ajili ya wachezaji weusi.

Hii sehemu isimulie polepole usirukeruke. Mpira wa Rio miaka ile ulikua wa watoto wa matajiri weupe, Fluminense, Botafogo, Flamengo, America. Vasco 1922 wakashinda daraja la pili wakapanda. Timu yao ilikua na weusi, machotara na weupe maskini, watu wa vibarua, kipa wao Nelson da Conceição mweusi, kocha Ramón Platero kutoka Uruguay aliekua anawakimbiza mazoezini wakati wenzao wanacheza kwa starehe. Msimu wao wa kwanza tu daraja la juu, 1923, wakabeba ubingwa. Wakubwa hawakulala! 1924 wakajitoa wakaunda chama chao kipya kinaitwa AMEA, na Vasco wakaambiwa mkitaka kuingia toeni wachezaji 12, eti kazi zao na hali zao haziridhishi, mara hamna uwanja wa maana, mara mchezaji lazima ajue kusoma na kuandika. Rangi haikutajwa ila kila mtu alijua kinachosemwa ni nini.

Rais wa klabu, José Augusto Prestes, akaandika barua tarehe 7 Aprili 1924, fupi tu, kwamba hao 12 hatuwatoi, na kama sharti ndo hilo basi huko AMEA hatuingii. Wabrazil wanaiita Jibu la Kihistoria. Mwaka uliofata, 1925, AMEA wenyewe wakawakubali. Ukifika hapa nyamaza kidogo watu wabishane, manake watabishana, mmoja atasema ilikua biashara tu hakuna cha utu, Vasco hawakutaka kupoteza timu ya ubingwa. Inaweza kua, mimi naona vyote viwili vilikuemo, ila barua iliandikwa.

Tahadhari moja, usiseme Vasco ndo timu ya kwanza Brazil kuchezesha mtu mweusi. Si kweli. Bangu, klabu ingine ya Rio, walikua na Francisco Carregal tangu 1905, na akitokea mtu mwenye bando akakuangalizia papo hapo utaaibika. Sema Vasco ndo walioshinda ligi na watu wale na walipoambiwa wawatupe wakakataa, hiyo inatosha sana.

Uwanja sasa. Walitukanwa hawana uwanja, wakachangishana, mashabiki wakatoa pesa zao mfukoni, ujenzi ukaanza Juni 1926 na tarehe 21 Aprili 1927 São Januário ikafunguliwa, uwanja mkubwa kuliko wote Brazil wakati ule. Siku ya ufunguzi wakapigwa 5-3 na Santos, hiyo usiifiche, watu wanapenda kucheka. Uwanja upo mpaka leo na ndo nyumbani kwao.

Miaka ya 40 ukiwa na haraka ipite kwa kifupi, timu iliitwa Treni ya Ushindi, 1948 wakaenda Santiago wakachukua kombe la mabingwa wa Amerika Kusini mbele ya River Plate ya Argentina, ile ya Di Stéfano. Lakini Barbosa usimruke! Moacir Barbosa, kipa wao, mweusi, ndie aliekua golini Brazil ilipofungwa 2-1 na Uruguay pale Maracanã, Kombe la Dunia 1950, na lawama zikamfata mpaka alipofariki 2000. Ademir, mwenzake wa Vasco, alikua mfungaji bora wa kombe lile lile.

Kama barazani kuna vijana basi makombe yalete sasa. Kwa wa Man U una dawa yao, Januari 2000 Kombe la Dunia la Vilabu, Vasco 3 Man U 1, Romário mawili, Edmundo moja, na beki Gary Neville akigawa mipira kama zawadi. (Fainali walifungwa na Corinthians kwa penati, hiyo waache waulize wenyewe.) Libertadores, kombe kubwa la vilabu vya Amerika Kusini, walichukua Agosti 1998, mwezi waliotimiza miaka 100. Na ile fainali ya Copa Mercosur, kombe lingine la vilabu vya Amerika Kusini, 20 Desemba 2000, ugenini kwa Palmeiras, mapumziko wako chini 3-0, kipindi cha pili wakabaki 10 uwanjani, wakashinda 4-3 na Romário kafunga matatu. Itafute video uionyeshe, hiyo haihitaji maneno.

Ya baadae yaseme kama yalivyo, wameshuka daraja mara nne, 2008, 2013, 2015 na 2020, katikati wakapata Copa do Brasil, kombe la Brazil, 2011.

Ukitafuta mtandaoni andika jina lote, Club de Regatas Vasco da Gama, sababu ukiandika Vasco tu utaletewa timu ya Goa kule India, ingine ya Cape Town, na nguzo yetu. Habari nyingi ziko kwa Kireno, tumia programu ya kutafsiri, inatosha. Na mtu akitaka kuanza kuwatazama mpe masaa kabisa, Rio wako nyuma yetu saa sita, mechi yao ya saa kumi jioni kwetu ni saa nne usiku, safi kabisa, unatoka isha unakula unakaa. Ile yao ya katikati ya wiki ya saa tatu na nusu usiku kwetu ni saa tisa na nusu, hiyo labda Ramadhani ukiwa macho kwa ajili ya daku.